Majarida Yaliyotoweka Kila Alfajiri

Ripoti ilikuwa inaingia kwenye simu yangu kabla jua halijachomoza. Mlio mmoja mfupi juu ya meza ya jikoni, kisha kimya. Nilikuwa naisoma nikiwa bado nimejifunga leso, nikingoja chai ichemke: rekodi zilizoongezwa, rekodi zilizosahihishwa, rekodi zilizofichwa, na chini kabisa maneno mawili, Hakuna kosa. Katika maisha yangu yote ya kazi sijakutana na mtu asiyekosea, na sikuona kwa nini mashine ipewe heshima hiyo. Lakini mkuu wetu wa maktaba, ambaye pia ni mzee wa kanisa, aliyapenda maneno hayo hata akamshukuru Mungu hadharani kwenye maombi ya Jumatatu, kabla hatujafungua milango.

Mimi ni mtu wa katalogi katika maktaba ya chuo kimoja mjini Kitui. Watu wakisikia hivyo hudhani kazi yangu ni kupanguza vumbi, ingawa nayo naifanya, maana vumbi la Kitui halingoji mtu wa usafi. Kazi yenyewe ni kuhakikisha kwamba mtu akiandika jina la kitu kwenye kompyuta ya maktaba, kitu hicho anakipata. Kitabu hakina matata, ukikiweka kwenye rafu kinakaa. Majarida ya mtandaoni ndiyo yenye visa. Chuo kinayalipia, lakini hayako kwetu, yako kwenye kompyuta za watu walio mbali ambao hawatujui. Leo jarida liko anwani hii, kesho limehamia ile, keshokutwa limeungana na lingine au limeacha kutoka kabisa, na hakuna anayekuarifu. Unagundua mwanafunzi anapokuja kwenye meza yako na uso wa mtu aliyefungiwa nje.

Kwa miaka mingi tuliyarekebisha kwa mkono, moja moja. Kisha chuo kikaajiri fundi wa kompyuta, mwanamume wa Malili mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na adabu nyingi, na ndani ya muhula mmoja akatuandikia programu. Kila alfajiri programu hiyo ilichukua faili kutoka kwa wanaotuuzia majarida, ikalinganisha na katalogi yetu. Jarida jipya ililiongeza. Lililohama ililipa anwani mpya. Lililokoma ililificha ili msomaji asipoteze muda nalo. Sisi wa katalogi tukanyang'anywa ruhusa ya kugusa chochote ndani ya rekodi hizo, eti mikono yetu inachafua data. Tuliachiwa kitufe kimoja tu, cha kuonyesha au kuficha. Mkuu naye aliwekewa chake kwenye kompyuta ya ofisini, cha kijani, ili aweze kuiamrisha programu ifanye kazi wakati wowote bila kungoja alfajiri. Alikibonyeza mbele ya kila mgeni. Askofu alionyeshwa. Wazazi siku ya mahafali walionyeshwa. Hata jamaa aliyekuja kutengeneza paa alionyeshwa, na akapiga makofi, maskini, bila kujua anapigia nini.

Mwaka huo huo tuliambiwa kwamba wakaguzi wanaoidhinisha kozi za uuguzi watakuja. Wangekagua maabara, wangeongea na walimu, na wangekaa maktabani kuona kama wanafunzi wanapata majarida ya taaluma yao. Kozi ikiidhinishwa, darasa la mwaka wa mwisho linafanya mtihani wa leseni. Isipoidhinishwa, hawafanyi, na bila leseni hakuna hospitali itakayowagusa. Katika darasa hilo alikuwemo binti wa marehemu dada yangu.

Huyo binti ni wa pili, kwa hiyo kwa desturi yetu alipewa jina la mama yetu, yaani susu yake, bibi mzaa mama. Alipozaliwa, wanawake wa Salama, kule dada yangu alikoolewa, walikuja kumpongeza dada kwa kumwambia mama yake amefika. Ndivyo tunavyoishi nalo jambo hili Ukambani. Jina la mzee halizikwi naye, linaendelea na safari likiwa na miguu mipya. Mama yetu alipofariki, mtoto alikuwa bado anatambaa, na mimi nikaanza kumwita mwaitu, yaani mama yangu, na sijaacha mpaka leo. Yeye huniita anti, kama wasichana wote wa mjini. Wakati huo alikuwa na desturi ya kuja kwangu Jumapili baada ya ibada akiwa na kifaa chake cha kupimia presha, ananifunga mkono kabla hata sijapakua chakula.

"Iko juu, anti," alikuwa akiniambia. "Punguza chumvi na kelele."

Ni yeye aliyeanza kugundua. Alinipigia simu asubuhi moja akiwa kwenye zamu ya mafunzo hospitalini.

"Anti, ile jarida ya wauguzi mwalimu alituambia tusome, nikitafuta inaniambia hakuna."

"Umeandika vizuri?"

"Nimecopy na kupaste. Wiki iliyopita ilikuwa."

Nilienda kutazama. Rekodi ilikuwepo upande wetu wa ndani, nzima, yenye anwani inayofanya kazi, lakini imefichwa. Nikabonyeza kitufe changu, ikaonekana. Nikamwambia ajaribu tena, akaipata, nikadhani yameisha. Asubuhi iliyofuata chai ikichemka, ripoti ikaingia: rekodi zilizofichwa, kadhaa. Hakuna kosa. Nilipofika kazini jarida la wauguzi lilikuwa limetoweka tena, pamoja na la wakunga, pamoja na moja la magonjwa ya watoto.

Sababu niliipata siku hiyo hiyo, na ilinifanya nicheke kwanza. Kila jarida lina namba yake, mfano wa kitambulisho cha mtu. Likibadilisha jina linapewa namba mpya, na utaratibu wa dunia nzima unasema lile la zamani lihesabiwe limekufa na hili jipya lifunguliwe rekodi yake. Lakini mama aliyenitangulia kwenye kiti hiki, mzaliwa wa Nuu aliyestaafu akarudi kwa mbuzi wake, hakuwahi kufanya hivyo. Kwake jarida likibadilisha jina lilikuwa limerithiwa. Aliliacha katika rekodi ile ile, namba ya mzee na namba ya mjukuu bega kwa bega, na pale kwenye maelezo akaandika sasa anaitwa fulani. Si linaitwa. Anaitwa. Na hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu mwanafunzi akitafuta jina la zamani alilipata jipya na akitafuta jipya alilipata la zamani, wote wako nyumba moja. Katika maktaba nzima ya chuo cha Ukambani, nani angeliona hilo kuwa ni kosa?

Programu iliona. Kila alfajiri ilisoma kwenye faili kwamba jarida la jina jipya liko hai, ikatafuta namba yake, ikaipata katika rekodi ya yule mama, ikaridhika na kusonga mbele. Kisha ikafika kwenye namba za waliokufa, ikaikuta namba ya mzee katika rekodi hiyo hiyo, na ikaificha yote. Ilimfukia mjukuu pamoja na babu kwa sababu iliwakuta chini ya paa moja. Majarida ya uuguzi ndiyo yaliyokuwa yamebadilisha majina zaidi ya mengine.

Nilimpigia fundi. Wakati huo alikuwa ameshapata kazi Nairobi, na chuo kilikuwa kimekubaliana naye aitunze programu kutoka huko.

"Madam, hiyo jarida ilikufa kitambo," aliniambia. "Hata faili inasema."

"Haikufa. Ilibadilisha jina."

"Kwa sistimu hiyo ni kufa. Hii nyingine ni mtu mwingine."

"Wewe si Mkamba? Wewe umeitwa jina la nani?"

Akacheka, tena kwa heshima. "La umau, babu yangu. Lakini mimi na umau hatuna ID moja, madam." Kisha akaniambia jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile. "Usijali. Programu haifuti kitu, inaficha tu. Hizo rekodi zinafaa kutenganishwa. Nitaangalia wikendi."

Wikendi ilipita, na nyingine. Nikampigia, akaniambia amefungwa na kazi mpya. Nikamtumia ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Laiti ningekuwa na ruhusa ya kuondoa ile namba ya zamani mwenyewe, ningemaliza kazi yote kabla ya chakula cha mchana. Sikuwa nayo. Kwa hiyo nilianza kuamka mapema. Nilikuwa nafika maktabani wakati askari wa lango bado amejitanda blanketi, nawasha kompyuta, naangalia yaliyofichwa usiku, na kuyaonyesha moja moja. Yote yanarudi. Kesho alfajiri yote yanaondoka. Siku niliyokwenda matanga ya jirani yetu hakuna aliyeyarudisha, na yakakaa gizani mpaka niliporudi.

Kilichonitisha si kutoweka kwa majarida. Kilichonitisha ni kwamba siku ile hakuna mtu aliyeuliza. Zamani jarida likikataa kufunguka, mwanafunzi alikuja kunigombeza mezani. Sasa wanaandika jina, kompyuta inawaambia hakuna, na wanaamini. Wanadhani maktaba haijawahi kuwa nalo. Niliwatazama kupitia kioo cha ofisi, wamekaa wamenyamaza, na niliogopa kwelikweli, kwa sababu sikuwa najua ni vitu gani vingine vimeondoka bila mtu kujua vilikuwepo.

Na idadi ilikuwa inapanda. Kila faili mpya ilikuja na namba zaidi za waliokufa, na kila moja ilimgusa aliye hai mahali fulani katika rekodi za yule mama.

Nilikwenda kwa mkuu. Nilimweleza polepole, nikamchorea hata kwenye karatasi. Alisikiliza huku akitabasamu.

"Dada, ripoti inasema nini?"

"Inasema hakuna kosa, bosi. Ndiyo shida yenyewe."

"Sasa mimi nikatae ripoti nikubali wewe?" Alisema hivyo kwa upole, bila dharau, na ndiyo sababu nilishindwa kumjibu vibaya. "Fundi amesema ataangalia. Na hiyo siku ya wakaguzi, wewe hakikisha tu yanaonekana."

Jumapili iliyotangulia ukaguzi, mwaitu alikuja kwangu na kifaa chake cha presha kama kawaida. Nilikuwa nimepika muthokoi. Alinifunga mkono, akatazama kipimo, akakitazama tena, na hakunitania.

"Anti, ni nini inakusumbua?"

Nikamwambia yote. Alikaa akichezea kile kimpira cha kujazia hewa.

"Kwa hivyo hiyo siku ukiamka mapema, iko sawa?"

"Iko sawa."

"Basi nitakupigia simu nikuamshe," akasema, na akaanza kula. Baba yake huko Salama, anayeuza maembe na machungwa kwa wasafiri wa barabara kuu, alikuwa tayari ameahidi kanisa zima kwamba mwaka ujao mgonjwa hatahangaika tena kutafuta mtu wa kumdunga sindano. Hakuwa na mpango mwingine wowote juu ya binti huyu. Wala yeye binti hakuwa nao, wala mimi.

Aliniamsha kweli, ingawa nilikuwa macho. Nilifika maktabani mbele ya kila mtu. Nikayarudisha yote, nikayajaribu moja moja kwenye kompyuta ya wanafunzi: la wauguzi, la wakunga, la watoto, la wazee, la afya ya akili. Kila moja lilifunguka. Nikapanguza meza, ingawa si kazi yangu. Nikasali pia, na mimi si mwepesi wa kusali nje ya Jumapili.

Wakaguzi walikuja watatu, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini. Walikuwa wameshazunguka maabara na nyuso zao zilikuwa nzuri. Msajili wa chuo alikuwa pamoja nao. Mkuu aliwakaribisha kwa maombi, akawaonyesha rafu, viti vipya, kona ya magazeti. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kompyuta ya wanafunzi, niwafungulie majarida. Badala yake akawaongoza ofisini kwake.

"Kabla hamjaona majarida," akasema, "wacha niwaonyeshe vile tunayatunza. Hapa hakuna mkono wa mtu."

Nikamfuata mpaka mlangoni. "Bosi, leo tusiiguse hiyo. Tayari kila kitu kiko sawa."

Akageuka kwa wageni akicheka. "Mtu wetu wa katalogi anaogopa mashine kidogo. Mnajua sisi watu wa zamani."

Walicheka naye, cheko la adabu. Na mimi nifanyeje? Nimshike mkono mzee wa kanisa mbele ya wageni wake? Nilisema tena, kwa sauti zaidi, "Bosi, tafadhali," na msajili akanitazama kwa jicho la kuniuliza kama nina akili timamu. Mkuu alikibonyeza kile kitufe cha kijani kwa kidole cha shahada. Mstari ulijaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha ripoti ikatokea, na akaisoma kwa sauti yake ya kusoma Biblia mpaka mwisho: Hakuna kosa. Msajili alisogea karibu, akauliza kama kitu hicho kinaweza kufanya kazi na rekodi za wanafunzi pia. Mkuu akasema kwa nini isiweze.

Yule mama mwenye miwani aliketi mwenyewe kwenye kompyuta ya wanafunzi. Aliandika jina la jarida la wauguzi. Hakuna. Akaandika la wakunga. Hakuna. Akaandika mengine, bila haraka, na kila mara alingoja jibu kwa subira kana kwamba anatupa nafasi.

"Yapo," nikasema. Nilikuwa karibu kulia. "Yamefichwa tu. Nipeni dakika moja niyarudishe, mtayaona."

Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na ningependa sana kusema alikuwa mbaya.

"Madam, naamini yako. Lakini sisi tunaandika kile mwanafunzi anaona."

Mkuu alibaki ofisini kwake amesimama, mkono bado uko mezani karibu na ile kompyuta. Sijawahi kumwonea mtu hasira na huruma kwa wakati mmoja kama nilivyomwonea siku ile.

Kozi haikuidhinishwa. Tuliambiwa tuombe tena, na darasa la mwaka wa mwisho lisubiri. Fundi alipata nafasi baada ya hapo. Jioni moja akiwa Nairobi alizitenganisha rekodi zote, babu upande wake na mjukuu upande wake, na mababu wakaandikiwa mwaka waliokoma. Tangu hapo hakuna jarida lililotoweka bila sababu. Programu inafanya kazi vizuri sana, na inaniuma kulisema hilo. Asubuhi sina tena haja ya kuwahi.

Mwaitu aliendelea kuja Jumapili. Alinipima presha na kuniambia iko sawa, na nilijua ananidanganya kwa sababu hakunionyesha kipimo. Alirudi Salama wiki chache kumsaidia baba yake kando ya barabara, akasema atakuwa anaingia kwenye akaunti yake ya chuo kila siku kuangalia kama kuna tangazo la mtihani.

Msajili naye hakuwa amesahau. Fundi alimwandikia programu yake. Kila alfajiri inachukua faili ya kozi zilizoidhinishwa, inalinganisha na rekodi za wanafunzi.

Nilikuwa jikoni, chai bado haijachemka, simu ilipolia. Nilidhani ni ripoti.

"Anti," akasema. Nyuma yake nilisikia malori yakishuka kuelekea Mombasa. "Nimejaribu kuingia kwa akaunti yangu. Inaniambia hakuna mtu kama huyo."

"Umeandika jina vizuri, mwaitu?"

"Ni jina ya susu, anti. Naiandika tangu nursery."

Nikamwambia ajaribu kwa namba yake. Nikamsikia akiandika. Kisha nikasikia malori tu.

"Hakuna," akasema. Kisha sauti yake ikachangamka, vile ilivyokuwa ikichangamka akiwa mdogo na kuniletea kitu kilichovunjika. "Lakini si wewe unajua kurudisha? Si ulisema hawafuti, wanaficha tu?"

Nikamwambia ndiyo, mwaitu, naenda sasa hivi. Nikazima jiko, nikavaa viatu, nikatoka. Kwenye rekodi za wanafunzi sikuwa nimeachiwa hata kile kitufe kimoja.